Ikilegea Imekufa

Hapa Matisi watu husema mume wangu alijiharibu mwenyewe. Waseme, mdomo ni wao. Mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati kila asubuhi, na mimi ndiye ninayejua ilivyokuwa. Jina langu ni Phelista, ingawa hapa mtaani naitwa Mama Ian, kwa sababu ya kifungua mimba wetu aliye Nairobi. Mume wangu ni Wakhungu, Wakhungu wa miche. Ukiuliza Wakhungu wa miche popote kuanzia Kitale mjini mpaka Kiminini utaonyeshwa njia, na atakayekuonyesha atakuongezea na maneno ya bure juu ya mkono wake.

Nianze na hiyo mikono, maana usipoijua mikono yake hutaelewa lolote.

Alizaliwa Malakisi, kwenye tumbaku. Baba yake alilima tumbaku, na kazi ya watoto ilikuwa kufunga majani kwenye fito kabla hayajapelekwa banda la kukaushia. Jani la tumbaku likiwa bichi ni nene, likikauka linanywea. Ukilifunga kivivu, likinywea linachomoka kwenye kamba, linaangukia kwenye joto la chini, na banda zima linaweza kuwaka. Kwa hivyo watoto walifundishwa kukaza, na aliyelegeza alichapwa. Wakhungu anasema alichapwa mara moja tu, hakulegeza tena. Ni kweli. Hata kamba za viatu vyake nilikuwa nikizifungua kwa meno.

Alipokuja Kitale akiwa kijana aliandikwa kazi kwenye kitalu cha mzee mmoja, Mathenge, na hapo ndipo alipojifunza kupandikiza avokado. Mzee alipochoka akamwachia kitalu. Sasa kupandikiza, kwa wewe usiyejua, ni hivi: unachukua mche wa avokado ya kienyeji, ule wenye mizizi isiyoogopa kitu, unaukata kichwa. Unaupasua katikati. Unachukua kijiti cha mti wa aina nzuri unaozaa, unakichonga kama kabari, unakichomeka kwenye ule mpasuko, ganda la huyu likutane na ganda la yule. Halafu unafunga kwa ukanda wa nailoni, unazungusha huku ukivuta, unazungusha huku ukivuta. Hapo kwenye kukaza ndipo penye kazi. Ukilegeza, hewa inaingia, maji yanaingia, na kijiti kinakauka kinabaki cha kuwashia moto.

Wakhungu alikuwa akifunga amefumba macho. Si maringo. Alisema macho humdanganya, kidole gumba hakijawahi. Alipapasa pale pa kuungana, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayeongea na simu, kisha akavuta ukanda. "Ikilegea imekufa," alikuwa akisema, kila siku ya Mungu, mpaka mimi nikawa namtania: "Baba Ian, siku utakayokufa nitamwambia fundi wa jeneza akaze misumari, usije ukatusumbua." Alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Siku hizi simtanii hivyo.

Mwaka jana, mvua za Aprili zilipoanza, upepo uling'oa bati la kibanda cha kitalu. Yeye akainua mkono wa kulia kuukinga uso, na bati likamchana upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo cha mkono. Damu iliyotoka, wee, sijawahi kuona. Tukamkimbiza kliniki iliyokuwa karibu. Kijana wa zamu akamsafisha, akamshona ngozi vizuri, mshono umenyooka kama wa sare ya shule. Lakini hakumwambia achezeshe gumba. Hakumgusa vidole akauliza, unasikia hapa? Ngozi ikapona, watu wakatupa pole, sisi tukamshukuru Mungu kanisani. Kumbe chini ya ngozi neva ilikuwa imekatika, ncha zake mbili zimerudi nyuma kila moja upande wake, zinaota kovu gizani.

Kidole gumba, cha shahada na cha kati vikafa. Si kufa kwa kuanguka. Vilikuwa pale, vina joto, vina kucha, lakini havikuwa vyake tena. Siku moja nilinusa nyama ikiungua. Nikageuka kuangalia jiko, na sufuria ilikuwa ya maji matupu. Kilikuwa kidole chake kimegusa jiko la makaa, na yeye ameketi pale ananipa habari za mvua, hana habari ya kidole.

Na kitalu je? Alijaribu kufunga kama zamani, amefumba macho, lakini gumba halikumwambia kitu. Akafumbua macho, akafunga kwa kuangalia, na vijiti vikakauka mstari mzima, na mstari uliofuata. Wateja ni watu wa kungoja kwa muda, si milele. Walianza kupita barabarani wakitusalimia kwa mbali. Jioni moja nilimkuta amekaa chini katikati ya mifuko ya miche, amejishika ule mkono kwa huu mwingine, analia. Mwanaume aliyepakwa tope la mtoni mwili mzima, akasimama mbele ya mtahiri kwao Malakisi bila kupepesa jicho, ndiye huyo analia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Nikakaa kwenye tope nikalia naye. Ningefanya nini?

"Mama Ian," akaniambia, "mimi sitaki makuu. Nataka hivi vidole vitatu tu vijue vimeshika nini."

Hilo tu ndilo alilotaka.

Aliyetuonyesha njia ni jirani yetu Kadija, yule anayeuza mahamri na chai karibu na msikiti. Kadija hana subira na machozi. "Mama Ian, wacha kulia kama redio mbovu," akaniambia. "Bungoma kuna daktari, Nasro, binti wa watu ninaowajua. Anashona neva. Si ngozi, neva. Ati kuna utafiti wanafanya wa kutengeneza neva mpya. Mpelekeni, bana."

Tukaenda. Jina la hospitali silitaji, maana haikutukosea. Daktari Nasro alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye haraka ya kutembea lakini asiye na haraka ya kuongea. Amezaliwa Bungoma mjini, na Wakhungu alipomsalimu "Mulembe" alimjibu Kibukusu safi mpaka tukatazamana. Alimchoma kidole baada ya kidole kwa sindano, Wakhungu amefumba macho, anasubiri kuambiwa lini ataanza kuchomwa. Alikuwa ameshachomwa vyote vitatu.

Daktari akatueleza kwa utaratibu. Kati ya ncha mbili za neva kulikuwa na pengo refu kama gumba langu, na pengo lenyewe limejaa kovu. Yeye na wenzake walikuwa na bomba dogo, jembamba kama mrija wa kalamu, lililotengenezwa kwa kitu kinachotolewa kwenye ngozi ya ng'ombe. Angekata kipande cha neva ndogo ya mguuni, seli zake zioteshwe maabara Nairobi mpaka ziwe nyingi, kisha zijazwe ndani ya lile bomba. Bomba lingewekwa pale penye pengo, neva ipite ndani yake ikikua polepole, kwa mwezi mmoja urefu wa kiungo kimoja cha kidole, mpaka ifike kwenye vidole.

"Lakini sikilizeni," akasema. "Bomba si shida. Shida ni damu. Zile seli ni viumbe, Mzee. Zinapumua, zinakula, na chakula chake kinakuja na damu. Bomba naweza kutengeneza, damu yake siwezi. Siku za kwanza zitanyonya majimaji ya kando, kama mtoto anayelishwa uji kwa kijiko. Halafu mishipa midogo kuliko unywele itaingia kutoka pembeni. Ikiingia, tuna matumaini. Isipoingia, katikati panakufa, hata kama nje panapendeza. Watu wengi wametengeneza bomba zuri likafia hapo katikati kwa kukosa damu. Na kovu halina damu ya kutosha, kwa hivyo nitalifunika bomba kwa kipande cha nyama laini chenye mshipa wake wa damu. Kama blanketi. Hilo blanketi ndilo litakalolisha bomba."

Wakhungu alikuwa amekunja uso. Anasikia, lakini hajafika. Daktari akaliona hilo, akamuuliza anafanya kazi gani.

"Napandikiza miche. Avokado."

Uso wa yule mwanamke ulifunguka! Mpaka leo nauona. "Basi wewe hata sina haja ya kukueleza, Mzee! Ni kama kupandikiza tu. Ni kile kile."

Wakhungu akanigeukia. Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu Aprili. "Kile kile," akasema.

"Kile kile," daktari akasema.

Ee Mungu, ningeweza kuyadaka yale maneno hewani ningeyadaka.

Walikata kile kipande mguuni, tukasubiri miezi kadhaa seli zikioteshwa, na Septemba akapasuliwa mkono. Alipoamka aliniuliza kama blanketi limekaa sawa. Mkono ulikuwa umelazwa kwenye nusu plasta, ile ngumu ya upande mmoja tu, umezungushiwa bandeji nyeupe. Kabla hatujaondoka daktari alituketisha, akatukazia macho. Bandeji isiguswe. Mkono usiinue kitu. Ukifura, ukibana, vidole vikibadilika rangi, tupige simu saa ileile, usiku au mchana. Ukibana tupige simu. Hivyo ndivyo alivyosema, na tukasema ndiyo. Hakuna aliyesema habari ya kulegea.

Nikwambie, zile siku za mwanzo zilikuwa tamu. Sina neno lingine. Wakhungu alilaza mkono juu ya mto, akawa anausemesha kama anavyosemesha miche. Kadija alipopita na mahamri alimchokoza: "Niaje, mtu wa ngozi ya ng'ombe! Ukianza kulia moo utuambie mapema." Naye akamjibu kwamba akianza, maziwa ya kwanza ni yake Kadija. Tulicheka katika ile nyumba. Mimi niliruhusu moyo wangu kuamini. Nilishaanza kupanga kwamba mvua zijazo kitalu kitajaa.

Ndipo shemeji yangu Jotham akapiga simu kutoka Malakisi kwamba mama yao ameanguka, hawezi kuinuka kitandani. Wakhungu hangeweza kusafiri. Nikaenda mimi, nikamwacha Kadija amletee chakula. Nilimnawisha mama mkwe, nikamlisha, nikalala kwenye mkeka kando ya kitanda chake. Kila jioni nikampigia mume wangu simu, na kila jioni akanijibu, "Inaendelea vizuri, Mama Ian. Inashika."

Halafu akapiga Kadija. Hakunisalimu hata. "Mama Ian, vidole vya mzee vimefura, na rangi yake mimi siipendi. Nikimuuliza ananiambia ndio zinashika. Zinashika nini? Njoo. Leo, si kesho."

Nilifika Matisi jua likiwa kali. Nilimkuta ameketi nje ya mlango kwenye kiti cha plastiki, amevaa sweta ya mikono mirefu.

"Baba Ian, vua hiyo sweta."

"Kuna baridi."

"Baridi gani na jua hili? Vua!"

Hakuvua. Nikamvua mimi. Juu ya ile bandeji, kutoka kifundo mpaka karibu na kiwiko, kulikuwa na ukanda wa nailoni, ule wa kitalu. Mzunguko juu ya mzunguko, kila mmoja umelalia nusu ya mwenzake, hakuna mkunjo, hakuna mwanya, na fundo limefichwa chini kwa ustadi. Alikuwa amejifunga kwa mkono wa kushoto na meno. Ilikuwa kazi safi. Mungu anisamehe, hata saa ile, moyo ukinipasuka, niliona kwamba ni kazi safi.

"Nani amekufunga?"

"Mimi."

"Kwa nini, Baba Ian? Kwa nini?"

"Ililegea." Akanitazama kama mtu anayeeleza jambo ambalo hata mtoto analijua. "Uvimbe uliposhuka, bandeji ikalegea. Kidole kilikuwa kinapita katikati. Ulitaka niiache hivyo, hewa iingie? Kazi yote ya daktari ikauke?"

"Na hii haikuumi?"

"Inauma. Siku ya kwanza iliuma sana, nusura nipige kelele. Hapo ndipo nikajua inashika."

Nikachukua kile kisu chake cha kupandikizia, nikakata. Ukanda ulikuwa umezama kwenye bandeji, na bandeji imezama kwenye nyama. Kidole cha mwisho, kile kizima, kile kilichokuwa na hisia zake zote, kilikuwa na rangi ya zambarau. Mkono wote baridi. Huyu mtu alikuwa amekaa na maumivu yale peke yake, ameyanyamazia kama alivyonyamazia kisu cha mtahiri, kwa sababu hivyo ndivyo walivyomlea. Mwanaume hatikisiki. Nilimpiga. Nilimpiga mgongoni kwa ngumi, nikilia, na yeye akanitazama tu, haelewi kosa lake ni lipi. Kadija ndiye aliyenishika.

Bungoma tulifika siku hiyohiyo. Daktari Nasro aliutazama mkono, wakamwingiza chumba cha upasuaji. Alipotoka alinitafuta kwanza mimi. Mkono hautakatwa, akasema. Nikashukuru. Nikangoja yaliyobaki, na alipovuta kiti nikajua.

Alitueleza sote wawili, Wakhungu akiwa kitandani. Kile kipande cha nyama, lile blanketi, lilikuwa limekufa, kwa sababu mshipa wake ulibanwa ukafungika. Bomba ncha zake zilikuwa na uhai kidogo. Katikati palikuwa pa kijivu, pamelainika, hamna hata mshipa mmoja ulioingia. Zile seli zilizoletwa kutoka Nairobi zilikufa kwa njaa, nje zimefungwa vizuri kabisa.

"Tutaweka lingine?" Wakhungu akauliza.

"Hapana, Mzee."

"Mguu wa pili uko. Chukua mguu wa pili."

"Si neva iliyokosekana. Ni mahali pa kuiweka. Pale palipokuwa na damu kidogo sasa ni kovu tupu. Nikiweka bomba lingine itakuwa ni kama kupanda..." Alifunga mdomo, akaangalia mikono yake.

Wakhungu hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Alikuwa na ile sura ya mwanafunzi aliyefanya kazi yote ya nyumbani na bado amewekewa mkasi, alama ya kosa. "Lakini ulisema ni kile kile," akamwambia.

"Nilisema," daktari akajibu. "Nilisema, Mzee."

"Mti usipokazwa unakufa."

"Mti una mbao, Mzee. Unanywa kutoka ndani, hata ukiukaza namna gani. Mkono ni mipira laini ya kupitisha damu. Ukiukaza, unaziba." Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Nilipaswa kukuuliza mnavyofunga. Sikukuuliza."

Akatoka. Nilipokwenda kutafuta maji nilimkuta kwenye ukumbi, amesimama amegeukia ukuta, mabega yanatikisika. Nilitaka kumchukia. Nimejaribu, nakwambia, nimejaribu sana. Lakini mtu aliyetaka kueleweka na mtu aliyetaka kutii, utamchukia nani kati yao? Bado hunipigia simu mara mojamoja kutuuliza hali. Kuna siku napokea, na kuna siku naiacha ilie mpaka inyamaze.

Sasa hawa watu wa mtaani. Ulipoenea uvumi walikuja kutupa pole, na wakiondoka, wakiwa wamefika langoni tu, nawasikia: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mmoja alinisemea hilo usoni, mzee wa kanisa kabisa. Nilimwambia atoke kwangu. Nilimwambia, huyu alisikia la mkuu! Alisikia kuliko nyinyi wote! Kosa lake ni kwamba hakusahau hata neno moja. Mzee wa kanisa akachukua kofia yake. Tangu hapo ibada naenda ya asubuhi sana, ambayo yeye haji.

Wakhungu mwenyewe hasemi. Anaamka, anakunywa chai kwa mkono wa kushoto, anakwenda kitaluni, anarudi. Nikimuuliza anafikiria nini ananiambia, "Hakuna." Nadhani ni kweli. Nadhani mle ndani pamekauka. Mama mkwe alipokufa Januari alisimama kaburini macho makavu, na mkono wa kulia ameutia mfukoni, akiuficha kama kitu alichoiba. Nimeolewa na huyu mtu ujana wangu wote, na siku hizi nikilala kando yake naogopa, maana sijui kama atakuja kurudi.

Mvua zimeanza tena. Akina mama wa kanisa moja la Lugulu wametuma neno kwamba wanataka miche ya avokado, iliyopandikizwa na Wakhungu, si mwingine. Hawakuwa wamesikia. Nilitaka kuwaambia ukweli, lakini alinizuia. "Tutafanya," akasema. "Wewe utafunga."

Kwa hivyo mimi sasa ndiye vidole vyake. Yeye anaubana mche kwa ule mkono wa kulia, maana kubana anaweza japo hajui amebana nini, na anaupasua kwa kisu cha mkono wa kushoto. Mimi nachomeka kijiti, nazungusha ukanda. "Kaza," ananiambia. Nami siwezi. Nikianza kuvuta naona kile kidole cha zambarau, na mikono yangu inakataa. "Kaza, Mama Ian. Ikilegea imekufa." Navuta kidogo, namdanganya kwamba nimekaza. Miche yote niliyofunga hivyo ilikauka. Aliing'oa mmoja mmoja akairundika kando, hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Jana tulikaa tena kwenye vile vigoda, mvua imekatika, udongo unanuka vizuri. Mche mmoja ulikuwa magotini mwangu, kijiti kimeshachomekwa. Yeye alikuwa ameshaanza kupasua mwingine.

"Kaza," akasema.

Nikajiambia, Phelista, kama huwezi kumpa vidole, mpe hata huu mche mmoja. Nikafumba macho, kama alivyokuwa akifanya yeye. Nikavuta. Nikazungusha nikavuta, nikazungusha nikavuta, kwa nguvu zangu zote, mpaka nailoni ikalia, na machozi yananitoka. Nikafunga fundo, nikalificha chini.

Nilipofumbua macho niliona wekundu. Kisu kilikuwa kimeteleza kwenye ule mche wake na kuingia kwenye gumba la kulia, kimeingia mpaka ndani, na damu inatiririka kwenye shina, inashuka kwenye mfuko, inalowesha udongo. Damu nyingi, nyekundu, isiyo na kizuizi chochote. Na yeye hata hakuwa anatazama huko. Alikuwa ameinama kuangalia fundo langu, kisu bado kimo kidoleni, na usoni ana lile tabasamu la siku ile kwa daktari.

"Hapo sasa," akaniambia. "Hiyo itashika."